Wimbo wa upande B: uchambuzi wa kisa cha wimbo wa kuachana, 1978–1980

Mipaka ya kisa

Majina ya mwimbaji, watunzi, kampuni na wimbo wenyewe yameondolewa. Miaka, miji na takwimu zimebaki kama zilivyo, maana bila hizo kisa hakifundishi kitu. Mpenzi wa disko ataukisia wimbo kabla hajafika katikati ya makala. Si neno, ila asome kana kwamba hajui mwisho wake, kwa sababu walioamua hatima yake mwaka 1978 nao hawakuujua.

Swali la kisa hiki ni jembamba: ilikuwaje wimbo uliorekodiwa ili kujaza upande wa nyuma wa santuri ukawa mmoja wa nyimbo za kuachana zinazojulikana zaidi duniani, huku wimbo wa upande wa mbele ukishindwa hata kuingia katika mia bora za Marekani? Jibu linalozoeleka ni kwamba wimbo mzuri haufichiki. Jibu hilo si sahihi. Nyimbo nzuri zilizozikwa upande B hazihesabiki. Huu ulipona kwa sababu mbili zilizokutana: ulipuuzwa kiasi cha kutoharibiwa, na palikuwa na mahali pa kuupima ambapo kampuni haikuwa na mamlaka.

Hali ilivyokuwa

Mwimbaji alikuwa Mmarekani mweusi, jina lililokuwa limeng'aa katikati ya miaka ya 1970. Albamu yake ya 1975 ilikuwa miongoni mwa za kwanza kuunganisha nyimbo za upande mzima bila mapumziko, ili watu wasiache kucheza. Miaka mitatu baadaye mng'aro huo ulikuwa umefifia, na waimbaji wengine wa kike walikuwa wamekalia kiti chake. Kisha mwaka 1978 akaanguka jukwaani New York, akiwa anacheza na kundi lake. Alijiinua akamaliza onyesho, lakini asubuhi yake hakuweza kuitembeza miguu. Alifanyiwa upasuaji wa uti wa mgongo, akatoka hospitali akiwa amefungwa mkanda mgumu wa kushikilia mgongo.

Mtunzi wa maneno alikuwa na msiba wa aina nyingine. Kwa karibu miaka saba alikuwa mtunzi wa mshahara katika kampuni kubwa ya rekodi iliyoanzia Detroit na baadaye kuhamia Los Angeles. Akaachishwa kazi. Siku moja, akiwa nyumbani bila kazi, aliwasha televisheni ikawa inapiga wimbo wa filamu aliouandika yeye kwa kampuni ile ile. Aliichukua kama ishara kwamba hatakufa njaa, atajikimu kwa utunzi, atanusurika. Neno hilo la kunusurika ndilo likawa mbegu ya wimbo.

Mwenzake, mtayarishaji aliyewahi kufanya kazi katika kampuni hiyo hiyo na kushiriki kutunga nyimbo kubwa za mwanzo wa miaka ya 1970, ndiye aliyekuwa na studio na jina. Wawili hawa waliuandika wimbo pamoja, wakauweka kando. Hawakuwa na mwimbaji. Walikubaliana kuusubirishia mwanamke atakayekuja kwao akiwa na sauti ya kuubeba.

Mfuatano wa matukio

*Agizo la kampuni.* Mkuu mpya wa kampuni ya mwimbaji alitaka arekodi wimbo fulani ambao kundi la wanawake kutoka Afrika Kusini lilikuwa limeupandisha chati za Ulaya. Hoja yake haikuwa ya kipumbavu. Wimbo ulikuwa umeshapimwa sokoni na kuuzika, ila Marekani ulikuwa haujashika. Kuurekodi upya kwa sauti inayojulikana kulionekana kamari ya bei rahisi. Mtayarishaji akaombwa auandae.

*Sharti.* Mtayarishaji alikubali kwa sharti moja: upande B uwe wa kwake na mwenzake. Kwa kampuni hilo lilikuwa ombi dogo. Upande B ulikuwa nafasi ya kujaza, haupigwi redioni, hauandikwi kwenye matangazo. Kwa nini mtayarishaji aliutaka tutaona tukifika kwenye senti.

*Maneno yaliyosahauliwa.* Walipokutana kupanga kipindi cha kurekodi, watunzi walimuuliza mwimbaji anapenda kuimba mambo ya namna gani. Majibu yake yakawaridhisha kwamba ndiye waliyekuwa wakimngoja. Karatasi ya maneno ilikuwa imebaki nyumbani, kwa hiyo mtunzi aliyaandika upya papo hapo kwenye kipande cha karatasi kilichokuwa karibu. Mwimbaji aliyasoma, akauliza kwa nini wimbo kama huu unapelekwa upande B. Hakuwa ameachwa na mtu. Alikuwa akiufikiria mgongo wake.

Hapa pana jambo linalofaa kuangaliwa mara mbili. Mtunzi aliandika kuhusu kufukuzwa kazi, mwimbaji akaimba kuhusu kupona, na msikilizaji akasikia kuachana. Hakuna hata mmoja kati ya watatu hao aliyekosea.

*Studio.* Upande A ndio uliokula muda na fedha. Upande B ulirekodiwa kwa kilichobaki, mwimbaji akiwa amesimama na mkanda wake wa mgongo. Haukuwekewa waitikiaji, na utepe wa kurekodia haukuongezwa kasi.

*Kukataliwa.* Mwimbaji na wasimamizi wake waliiomba kampuni igeuze santuri. Kampuni ikakataa: upande A umeamuliwa, fedha za matangazo zimepangiwa huo. Santuri ilitoka Oktoba 1978 kama ilivyopangwa.

*Njia ya pembeni.* Mwimbaji na meneja wake waliichukua santuri wakaipeleka Studio 54, disko ya New York iliyofunguliwa Aprili 1977, wakampa DJ wa pale. Ilipopigwa, watu walikimbilia sakafuni mara ya kwanza tu. Mwimbaji aliishika ishara hiyo, kwa sababu wacheza disko wa New York walikuwa na desturi ya kuupoza wimbo mgeni mpaka wauzoee. Wakampa DJ nakala za ziada awagawie wenzake. Huko Boston, DJ mwingine naye aligeuza santuri kwa hiari yake na kuanza kuupiga upande B. Kutoka madisko watu wakaanza kuuomba wimbo redioni, wimbo ambao stesheni hazikuwa zimeletewa kama wa kupigwa.

*Kugeuza.* Kampuni ilisalimu amri. Upande B ukawa upande A, likatengenezwa toleo la redio la dakika 3 na sekunde kadhaa, na toleo la santuri ya inchi 12 la takriban dakika 8.

Matokeo

Machi 10, 1979, miezi minne na nusu baada ya kutoka, wimbo ulishika namba 1 kwenye Hot 100 ya jarida la Billboard. Ulikaa hapo jumla ya wiki tatu, zikikatwa katikati na wimbo mwingine. Uingereza ulikaa kileleni wiki nne. Marekani ulipata cheti cha platinamu, ambacho kwa santuri ya wimbo mmoja enzi hizo kilidai nakala milioni 2, si milioni moja kama leo.

Februari 1980 ulipewa tuzo ya Grammy ya rekodi bora ya disko. Tuzo hiyo ilitolewa mwaka huo tu, ikafutwa. Kati ya kilele na tuzo kulikuwa na Julai 12, 1979, usiku ambao sanduku la santuri za disko lililipuliwa katikati ya uwanja wa besiboli wa Comiskey Park, Chicago, mashabiki wakavamia uwanja na mechi ya pili ya usiku huo ikashindwa kuchezwa. Soko la disko lilikuwa likianguka wakati wimbo unapokea heshima yake. Mwimbaji hakupata tena wimbo wowote ndani ya 40 bora za Marekani. Grammy yake iliyofuata ilikuja Januari 2020, miaka 40 baadaye, kwa albamu ya injili.

Wimbo wenyewe ulikuwa na maisha mengine. Katika miaka ya 1980 watu mashoga, waliokuwa miongoni mwa waliojenga madisko hayo tangu mwanzo, waliufanya wao wakati UKIMWI ukiwamaliza. Mwaka 1998 timu ya taifa ya Ufaransa na mashabiki wake walilisherehekea Kombe la Dunia kwa toleo la bendi ya Uholanzi. Mwaka 2016 Maktaba ya Bunge la Marekani iliuingiza katika orodha yake ya rekodi za kuhifadhiwa.

Uchambuzi: maneno

Nyimbo nyingi za kuachana zinaanzia pale mtu anapoondoka. Huu unaanza baadaye sana. Aliyeachwa ameshaogopa, ameshakesha, ameshajifunza kusimama, na yote hayo yanapita ndani ya mistari michache. Kisha aliyeondoka anarudi, amesimama ndani ya nyumba na uso wa huzuni. Tukio la wimbo ni hilo: kurudi, si kuondoka. Kiitikio kinakuwa amri ya kutoka nje, na ubeti unaofuata unaishia kwa mpasho.

Utaratibu huu una faida ya kiufundi. Ubeti ukiwa wa kuomboleza na kiitikio cha kushangilia, mtunzi lazima ajenge daraja kati ya hali mbili, na mara nyingi daraja hilo halishawishi. Hapa maombolezo yapo kwenye wakati uliopita na ushindi upo kwenye wakati uliopo. Daraja ni muda wenyewe. Msikilizaji anayelia ana mistari yake, na anayecheza ana yake, bila mmoja kumdanganya mwenzake.

Jambo la pili ni vitu. Wimbo hautaji jina, mji, msimu wala sababu ya kuachana. Unataja mlango, kufuli na ufunguo: majuto ya mtu ambaye angebadilisha kufuli, au angedai ufunguo urudishwe. Ni majuto madogo, ya kinyumbani, karibu ya kuchekesha, na ndiyo yanayoufanya mzigo mzima uaminike. Mtunzi anayejifunza aangalie uwiano: vitu vitatu vinavyoshikika dhidi ya kurasa za hisia. Vikiongezeka, wimbo unakuwa hadithi ya mtu mmoja. Vikipungua, unabaki hotuba.

Jambo la tatu ni rahisi kwa msomaji wa Kiswahili kulipita bila kuliona. Kwa Kiingereza, kumtaja mtu wa tatu mara nyingi kunalazimisha kuchagua jinsia. Wimbo mzima umeandikwa kwa "mimi" na "wewe", na pale penye mtu mwingine limetumika neno lisilo na jinsia. Kwetu "yeye" ni yeye tu. Kwao uamuzi huo ndio uliowaruhusu wanaume, wanawake, wagonjwa na hata timu ya mpira kuuvaa bila kupunguza wala kushona. Kama ulikuwa uamuzi wa makusudi au ni mabaki ya wimbo ulioanza kama malalamiko ya mtu na mwajiri, matokeo ni yale yale.

Uchambuzi: muziki

Wimbo mzima, beti, kiitikio na mapumziko ya ala, unasimama juu ya kodi nane zinazozunguka (kodi ni sauti kadhaa zinazopigwa pamoja), mizani nane, kila mizani midundo minne. Kwa solfa, mizizi ya kodi ni la, re, so, do, fa, ti, mi, mi. Kila hatua ni ya nne kwenda juu, na safari inapita sauti zote saba za skeli kabla ya kurudi la. Mahali pekee panapokwaruza ni kutoka fa kwenda ti, ambapo hatua ni pana kidogo kuliko nyingine. Sikio linahisi kujikwaa, kisha mi inalipokea.

Mi ndiyo yenye kazi kubwa, ndiyo maana imepewa mizani mbili. Katika ya kwanza kodi imesimamishwa: la inakaa mahali ambapo so iliyopandishwa nusu hatua ingekaa. Katika ya pili la inashuka hadi si, yaani hiyo so iliyopandishwa, na si inavuta kurudi la ya mwanzo. Kwa hiyo kila mzunguko unaishia kwenye mlango ulio wazi. Hakuna mahali wimbo unapopumzika. Ukitaka kuumaliza unaufifisha tu sauti, kwa sababu kodi zenyewe hazikupi mwisho.

Kasi ni takriban midundo 117 kwa dakika. Midundo 32 ya mzunguko mmoja huchukua sekunde 16 na nusu hivi, kwa hiyo toleo la redio lina mizunguko isiyozidi 12 na lile la dakika 8 lina karibu 30. Mwanafunzi wa utunzi atauliza ilikuwaje watu wasichoke. Jibu liko kwenye melodia na mpangilio. Ubeti unaimbwa chini, kwa maneno mengi yaliyobanana kama mtu anayesimulia. Kiitikio kinatumia noti ndefu juu ya kodi zile zile. Ngoma inaingia baada ya mwanzo wa piano na sauti tupu, fidla zinakuja baadaye na melodia yake. Melodia hiyo ya fidla ndiyo Wafaransa waliyoiimba mwaka 1998 kwa la-la-la, bila hata neno moja la wimbo. Anayetaka kujua kama mzunguko wake wa kodi una nguvu afanye jaribio hilo: aondoe maneno aone kama kuna kitu kinachobaki cha kuimbika.

Mwanzo ule wa piano una kasoro kwa DJ. Hauna mdundo wa kuushika, kwa hiyo hauwezi kuchanganywa juu ya mkia wa wimbo uliotangulia. Lazima uachwe uishe au ukatwe, na sakafu ibaki sekunde kadhaa bila ngoma. Kwa sheria za disko hilo ni kosa. Lakini ukimya huo ndio uliokuja kuwa tangazo lake. Baada ya wiki chache watu walikuwa wanaujua kwa mkwaruzo wa kwanza wa piano, na sekunde zile zikawa za kuwapa nafasi ya kufika sakafuni.

Uchambuzi: faida ya kupuuzwa

Utayarishaji wa disko wa 1978 ulikuwa na mazoea yake. Waitikiaji wa kike walirudia kila kiitikio. Utepe uliongezwa kasi ili wimbo uchangamke na sauti ya mwimbaji ipande. Fidla na tarumbeta zilijaza kila pengo.

Chukua kasi ya utepe peke yake. Kuiongeza kwa takriban asilimia 6 hupandisha kila kitu nusu hatua. Wimbo wa midundo 117 ungekuwa wa 124, kasi nzuri kabisa ya sakafuni, na sauti nzito ya mwimbaji ingekuwa nyembamba na ya kisichana. Kwa wimbo wa kutongoza ni sawa. Kwa mtu anayesema alikuwa anaogopa na sasa haogopi, unahitaji kifua. Vivyo hivyo waitikiaji: mwanamke mmoja anapomwambia mtu atoke nje, kundi la sauti tatu nyuma yake linaondoa ujasiri wote. Inakuwa kesi ya ukoo.

Hatuwezi kusema watayarishaji waliyaona haya yote. Walikuwa na muda mfupi na bajeti ya upande B, na kampuni haikuwa na haja ya kusikiliza na kuomba mabadiliko. Hakuna aliyesema "ongezeni kitu hapa". Mpangilio uliosalia ulilingana na maneno kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuutoa kwenye ulinganifu huo.

Onyo hapa ni la lazima, maana kisa hiki hutumiwa vibaya. Kuna wanaohitimisha kwamba haraka na bajeti ndogo huzaa nyimbo kubwa. Ngoma, besi na piano za rekodi hii zilipigwa na wanamuziki wa studio waliobobea, chini ya mtayarishaji aliyekwisha kufika namba 1 zaidi ya mara moja. Uchache wa fedha uliondoa mapambo. Haukuondoa ufundi, kwa sababu ufundi ulikuwa umelipiwa miaka mingi kabla.

Uchambuzi: kilichoshindwa ofisini

Kampuni haikukosea kuupenda wimbo wa upande A. Ilikosea kuchukua ushindi wa soko moja kama ushahidi wa soko jingine, na baya zaidi, kutoweka njia yoyote ya kujua kama imekosea. Mwimbaji alisema wazi kabla ya santuri kutoka. Yeye ndiye aliyekuwa akisimama mbele ya watu kila wiki. Maoni yake yalichukuliwa kama mapenzi ya msanii kwa wimbo wake.

Njia ya kupima ilikuwepo tayari. Tangu 1975 ma-DJ wa New York walikuwa na ushirika wao wa rekodi, ulioanzishwa na David Mancuso na wenzake: kampuni zinatoa santuri bure, ma-DJ wanazipiga na kurudisha maoni yaliyoandikwa. Ushirika huo ulizaliwa kwa sababu ma-DJ walichoka kupanga foleni kwenye ofisi za kampuni wakiomba nakala. Kwa kampuni ilikuwa maabara ya bure. Jaribio la mwimbaji na meneja wake Studio 54 halikuwa la ajabu kwa wakati huo. La ajabu ni kwamba lilifanywa na msanii dhidi ya kampuni yake.

Ukilichambua jaribio lenyewe, lilikuwa zuri kwa sababu tatu. DJ hakuwa na maslahi na upande wowote wa santuri. Wasikilizaji walitoa jibu kwa miguu, si kwa adabu. Na mpimaji alijua kipimo cha kawaida: alijua kwamba ukumbi ule hupokea wimbo mgeni kwa baridi, kwa hiyo aliweza kutofautisha shauku na ukarimu. Hilo la mwisho ndilo wengi hulikosa. Kuwapigia rafiki ishirini wimbo mpya na kuhesabu tabasamu si kupima.

Teknolojia nayo ilikuwa imefika kwa wakati. Santuri ya inchi 12 kwa wimbo mmoja ilianza kuuzwa madukani mwaka 1976. Mifereji yake ina nafasi pana, kwa hiyo besi inaweza kuchongwa ndani yake kwa nguvu bila sindano kuruka. Inchi 7 inabanwa: ukivuka dakika nne hivi lazima ushushe sauti ili mifereji itoshe. Kampuni ilipokubali kugeuza, kulikuwa na chombo cha kumpa DJ dakika 8 na cha kuipa redio dakika 3, na kila mmoja akapata wimbo unaofaa kazi yake.

Uchambuzi: senti

Sasa sharti la mtayarishaji. Sheria mpya ya hakimiliki ya Marekani, kwa santuri zilizotolewa kuanzia Januari 1, 1978, ilipandisha mrabaha wa utunzi kutoka senti 2 hadi senti 2.75 kwa kila wimbo kwa kila nakala, au nusu senti kwa kila dakika au sehemu yake, kiasi kitakachokuwa kikubwa. Sheria haiulizi wimbo uko upande gani. Mnunuzi akinunua kwa ajili ya upande A, mtunzi wa upande B analipwa sawasawa. Watayarishaji wengi walijua hilo, na ndiyo maana pande B za enzi hizo zimejaa vipande vya ovyo vyenye jina la mtayarishaji. Wawili hawa walikuwa na tofauti moja: waliitumia nafasi hiyo kwa wimbo waliouamini.

Kwa nakala milioni 2 kwa kiwango kamili, wimbo mmoja unaingiza dola 55,000. Kwa mgawanyo uliozoeleka nusu ni ya mchapishaji wa muziki, na nusu ya watunzi, yaani dola 13,750 kwa kila mmoja wakiwa wawili. Si utajiri. Utajiri wa wimbo kama huu uko kwenye redio, filamu, matangazo na marudio ya waimbaji wengine, mwaka baada ya mwaka.

Mwimbaji hakuwa na jina kwenye utunzi. Redio za kawaida za Marekani hulipa watunzi kupitia vyama vyao, ila hazimlipi mwimbaji wala mwenye rekodi. Kila mara wimbo ulipopigwa hewani, watunzi walipata, yeye hakupata. Kipato chake kilitegemea mkataba wa mauzo na maonyesho ya jukwaani. Hili halikuwa kosa la mtu katika kisa hiki, kwa kuwa hakuandika wimbo. Lakini yeye ndiye aliyeutambua, aliyeugombania na aliyeutoa nje ya jengo kwa mikono yake, na hakuna kipengele cha mkataba kinacholipia kazi hiyo. Msanii aliye katika nafasi yake leo angeweza kuomba, kabla ya kuingia studio, asilimia ya mapato ya uchapishaji ikiwa wimbo utahamishwa kutoka nafasi ya kujazia kuwa wimbo mkuu. Baada ya watu kukimbilia sakafuni ameshachelewa.

Upande ule mwingine nao ulikuwa kwenye kila santuri. Nakala milioni 2 ziliuzwa kwa watu waliotaka kusikia mlango, kufuli na ufunguo, na kwa kila moja mtunzi wa wimbo ambao kampuni iliutangaza na hakuna aliyeuitikia alistahili sehemu yake ya senti 2.75.